Wikiendi ya Sabasaba Dar na mama na watoto: anza na tiketi ya kurudi

Swali la msomaji wa Fuoni, Unguja: "Assalaam alaykum kaka. Mimi mfanyakazi wa serikali, nataka nimpeleke mamaangu na watoto wangu wawili, mmoja miaka 9 na mmoja 5, Dar kwenye maonesho ya Sabasaba. Tunataka kwenda Ijumaa turudi Jumapili, Jumatatu nna kazi. Mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua na bahari inamtapisha. Tupande boti au ndege? VIP ina faida au ni jina tu? Nikate ya kwenda peke yake au na ya kurudi kabisa? Na tukifika Dar tutembee na nini, maana watoto wananiganda na treni ya umeme, sijui kama itawezekana."

Waalaykum salaam dadaangu, mpe mama shikamoo yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ndani yake mna maswali matano sita, na afadhali umenitajia umri wa watoto na magoti ya mama, maana tiketi nzuri kwa kijana mwenye begi la mgongoni siyo tiketi nzuri kwa mtu mzima anayepanda ngazi kwa kushika ukuta. Mimi miaka 13 nilikaa nyuma ya kioo nakata tiketi za boti pale bandari ya Malindi, Unguja, na saivi nnapangia watu safari, na nilichokiona kwa miaka yote hiyo ni kwamba watu wanaichagua tiketi ya kwenda kwa makini sana, wanauliza bei huku na huku, wanaulizia kiti cha dirishani, halafu ya kurudi wanasema tutaikata huko huko. Na wikiendi haiharibiki kwenye kwenda, inaharibikia kwenye kurudi.

Kwa hiyo tuanzie mwisho. Jumatatu saa 1 na nusu asubuhi unatakiwa uwe kazini. Boti ya mwanzo kutoka Dar inaondoka saa 1 asubuhi, njiani ni saa moja na nusu mpaka saa mbili kutegemea chombo na bahari, ukishuka Malindi ni karibu saa 3, bado foleni ya kutoka, bado kuwafikisha mama na watoto Fuoni, ofisini unaingia saa 4 na zaidi. Basi boti ya Jumatatu kwako wewe haipo, ifute kichwani. Inabaki Jumapili, na Jumapili boti ya mwisho kwa kawaida inaondoka mnamo saa 10 alaasiri, na hiyo ndo kila mfanyakazi na kila mwenye mtoto wa skuli anaitaka kwa sababu inampa siku nzima ya kuzunguka. Wiki za Sabasaba inajaa mapema sana. Mimi nnakwambia kata ya saa 6 na nusu mchana. Najua utasema mbona unatunyang'anya nusu siku, lakini angalia hesabu yake: ukichelewa ile ya mchana, foleni imekushika au mtoto ameumwa tumbo, bado ipo ya alaasiri unaweza kuombea nafasi. Ukichelewa ya alaasiri huna kitu mpaka kesho yake, na kesho yake tushaifuta.

Hili limenikuta mimi mwenyewe ndo maana nalisema kwa uchungu. Kuna mwaka nilimvusha mamaangu kwa matibabu ya macho, Ijumaa tukaenda vizuri, nikasema ya kurudi nitakata pale pale bandarini si mimi mwenyewe najuana na watu. Jumapili nafika dirishani naambiwa imejaa. Mama alikaa juu ya begi kuanzia saa 7 mchana, jicho moja limefungwa bendeji, mimi nakwenda dirishani narudi, nakwenda narudi, mpaka tukaiona boti inatoka gatini na sisi tupo nje ya uzio. Gesti tuliyoipata Kariakoo usiku ule ilikuwa ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi. Yeye hakunilaumu hata kidogo, alinambia tu "mwanangu hebu nishike mkono", na ngazi zile nazikumbuka moja moja mpaka leo. Toka siku hiyo sikumkatia mtu tiketi ya wikiendi ya kwenda bila kumuuliza unarudi lini saa ngapi.

Sasa kwenda. Umesema Ijumaa, lakini wewe unatoka kazini saa 9 na nusu na boti ya mwisho ni saa 10, na bandarini unatakiwa uwepo saa nzima kabla, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo, kuna kuonesha vitambulisho, na wakifunga mlango wameshafunga. Hata ukitoka ofisini mbio hutafika na mama na watoto wawili. Una njia mbili, ama uombe ruhusa siku hiyo uondoke na boti ya saa 6 na nusu (na hapo inagongana na sala ya Ijumaa, kama una kijana wa kuwasindikiza bandarini muulize mapema), ama muondoke Jumamosi na ile ya saa 1 asubuhi. Mimi kwa mama mwenye tatizo la bahari nachagua Jumamosi saa 1 bila kusita. Mwezi wa saba ni kusi, upepo unatoka kusini na nyinyi mnaelekea huko huko kusini, yaani chombo kinakwenda kupambana na mawimbi uso kwa uso, lakini asubuhi upepo huwa haujaamka sana na bahari inakuwa na adabu kidogo. Mchana ndo unakaza. Kurudi siyo tabu sana kwa sababu kusi inakusukuma kwa nyuma. Kwa hiyo weka asubuhi kwenye kwenda, mchana kwenye kurudi, na mama atakushukuru. Jumamosi saa 3 mpo Dar, Jumapili saa 6 na nusu mnaondoka, ni siku moja na nusu nzima na mmelala usiku mmoja tu wa kulipia.

Ndege. Watu wanasikia dakika 20 wanadhani wamemaliza. Dakika 20 ni hewani tu. Kutoka Fuoni mpaka uwanja wa Abeid Amani Karume siyo mbali, sawa, lakini lazima uwepo saa nzima au zaidi kabla, halafu ukishuka Dar uwanja wa Julius Nyerere upo nje ya mji, kilomita 12 hivi, na Ijumaa jioni barabara ya Nyerere kuja mjini naijua mimi, daraja la juu la pale Tazara limesaidia sana lakini mbele yake magari yanajipanga tena. Ukijumlisha yote, kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa gesti, ndege na boti zinakaribiana sana, na boti inakushusha katikati ya mji. Tena nauli ya ndege uizidishe kwa vichwa vinne halafu mara mbili, ni tiketi nane hizo, na ukipata ndege ndogo zile za watu kumi na kitu mzigo wanakupa kilo 15 tu kwa mtu na ngazi yake ni nyembamba na imesimama, kwa magoti ya mama siipendi. Lakini nisiwe mgumu, ndege inapata maana kwa hali moja: kama mama akipanda boti anatapika mpaka anaishiwa nguvu, siyo kichefuchefu cha kawaida, yaani mtu anashuka hawezi kusimama. Ikiwa yuko hivyo, kateni nyote wanne ndege ya kwenda peke yake, kwa sababu kwenda ndo kubaya mwezi huo, kurudi mpande boti. Watu wanasahau kwamba si lazima kwenda na kurudi iwe kwa chombo kimoja.

VIP siyo jina tu, viti ni vipana, watu ni wachache, mara nyingi mnashuka mwanzo, na kwa mtu mzima kushuka bila kusukumwa ni jambo kubwa. Lakini kuna kitu wauzaji hawakwambii kwa sababu hakuna anayewauliza. Chombo kikiyumba, kinayumba zaidi juu kuliko chini na zaidi mbele kuliko nyuma. Ukiwa na daraja la ghali lakini lipo juu kwa mbele, mama atarushwa kuliko aliyekaa kawaida sakafu ya chini, nyuma, katikati. Basi ukikata uliza swali moja, hilo daraja lipo sakafu gani na upande gani wa boti. Kwa kwenda mimi ningekata daraja la kawaida nikawahi kuingia nikamkalisha mama chini kwa nyuma, karibu na choo lakini siyo mlangoni mwa choo. Kwa kurudi, ukiwa na uwezo, lipia VIP nyote wanne, kusi itakuwa inawasukuma kwa nyuma na mtakuwa mmechoka na mizigo.

Na kutapika kwenyewe. Usimsafirishe na njaa, watu wanadhani tumbo tupu halitapiki, linatapika na linauma zaidi. Mpe kitu kikavu, mkate au biskuti na chai ya tangawizi isiyo na maziwa, saa nzima kabla. Urojo na vitu vya mafuta usiku wa kuamkia safari viacheni. Vidonge vya safari vinafanya kazi vikimezwa kabla, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chombo kuondoka, ukimeza ukiwa tayari moyo unachafuka ni kuchelewa, na kwa umri wake kama anatumia dawa za presha au ana shida ya macho nenda kwanza dukani kwa mfamasia umuoneshe dawa zake zote. Akae anaangalia mbele au nje mbali, asiinamie simu. Na mchukulie kanga nzito au shali, kiyoyozi cha ndani ya boti kinawatetemesha hata vijana, na mtu akiwa na baridi anachafukwa haraka. Mtoto wa miaka 5 naye mumfanyie hivyo hivyo, ila dawa yake nayo muulize mfamasia, wa miaka 9 atakaa dirishani anahesabu madau.

Tiketi kata mapema, kwa Sabasaba mimi nasema wiki mbili kabla, na kata kwenye ofisi ya kampuni au kwenye tovuti yao wenyewe. Papasi, yaani dalali wa pale nje ya geti, atakwambia ofisi imefunga, atakwambia zimebaki mbili, usimpe pesa wala kitambulisho. Ukipewa tiketi usiikunje ukaitia mkobani, simama pale pale uisome na mtu wa dirishani bado anakuangalia. Soma jina, soma tarehe, soma inatoka wapi kwenda wapi, maana ukikata mwenyewe kwa simu ni rahisi sana kugeuza, ukajikuta una tiketi mbili zote za kutoka Unguja. Halafu soma saa, na hapa naomba unisikilize. Saa za kwenye tiketi ni za kizungu. 07:00 ni saa 1 asubuhi. 09:30 ni saa 3 na nusu asubuhi, siyo saa 9 na nusu. 12:30 ni saa 6 na nusu mchana, siyo saa 12 na nusu. Niliwahi kumpokea mzee mmoja kutoka shamba amefika dirishani kwangu saa 9 mchana ametulia kabisa, kanzu imepigwa pasi, kapu la maembe pembeni, tiketi ameishika kwa mikono miwili, imeandikwa 09:30. Boti yake ilikuwa imeshaondoka, umepita muda wa karibu saa sita. Alikuwa anakwenda harusi ya mjukuu wake. Tangu siku ile kila tiketi niliyoikata niliandika kwa kalamu pembeni saa kwa Kiswahili, na wewe fanya hivyo kwenye ya mama, mwandikie "saa 1 asubuhi" kwa herufi kubwa.

Vitambulisho chukua vyote, chako na cha mama, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu nauli ya mkaazi na ya mgeni hazifanani hata kidogo, na nauli ya mtoto wanataka wajue umri. Jina kwenye tiketi lilingane na jina kwenye kitambulisho. Mtu akikwambia dada yangu ameahirisha, chukua tiketi yake, jina lake tu, hawaangalii, kataa. Siyo kwa sababu ya kuzuiwa getini peke yake. Sisi watu wa visiwa hivi tunajua jina kwenye karatasi lina maana gani. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikienda Pemba na watu wengi kupita kiasi, na 18 Julai 2012, mwezi huu huu wa kusi, Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar. Kwa Spice Islander hesabu za watu waliokuwemo zilitofautiana sana, na kuna familia mpaka leo wanajua tu kwamba mtu wao aliondoka nyumbani akaenda bandarini. Tiketi yenye jina lako mwenyewe ndo inasema wewe ulikuwepo. Watoto pia, hata huyo wa miaka 5, hakikisha ameandikwa, asipitishwe kwa kubebwa. Na chombo ukikiona kimejaa mpaka watu wamekaa njiani na kwenye ngazi, shuka, hasara ya nauli inalipika.

Mkifika Dar, haya. Pale getini mtapokewa na kelele nyingi, teksi teksi, bajaji, mizigo mama, kila mtu anataka kushika begi lako. Mama mpe mkono mmoja, mtoto mdogo mkono wa pili, na mchukuzi mmoja tu mkubaliane bei kabla hajagusa kitu. Ukitaka kuita Bolt, gari la kuita kwa simu, usiite ukiwa bado ndani ya uzio, madereva pale mbele hawapati pa kusimama, watakupigia mara tatu halafu watakata. Tokeni nje, vukeni barabara ya Sokoine taratibu mpaka upande wa kanisa la Mtakatifu Yosefu, kuna kivuli, muiteni pale. Bei inayotoka kwenye simu mkumbushe dereva kabla hujapanda, na shika pesa taslimu za chenji.

Mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yao peke yao, utausikia sana, na kituo cha Posta ya Zamani hakiko mbali na hapo. Njia ile ya kwanza ya Kimara na Kivukoni ilianza 2016 na kwa mtu mmoja aliye na haraka ina maana, basi lina njia yake, foleni halijui. Lakini asubuhi na jioni watu wanasimama bega kwa bega na kupanda kwenyewe ni kusukumana, na mama na mtoto wa miaka 5 siwatii humo hata kwa dawa. Ukitaka watoto wauone, wachukue Jumamosi mnamo saa 4 au 5 asubuhi, vituo viwili vitatu mrudi. Bajaji inabeba watatu nyuma, nyie wanne mtabanana na mzigo hauna pa kukaa, inafaa kwa safari fupi za jioni kutafuta chakula. Bodaboda na watoto, hapana.

Pa kulala ndo pataamua hela ya gari kuliko kitu chochote. Viwanja vya Sabasaba vipo barabara ya Kilwa, upande wa Temeke, na bandari ipo mjini, kwa hiyo ukilala Kariakoo au Gerezani upo katikati ya vyote viwili. Najua mna jamaa Tegeta au Mbezi, kila Mzanzibari ana jamaa huko, na mama atataka kulala kwa ndugu yake. Lakini kutoka Tegeta mpaka bandarini ni zaidi ya kilomita 20, na mkilala huko Jumapili mtatakiwa mtoke saa 3 asubuhi kwa boti ya saa 6 na nusu, hapo siku yenu ya pili imekwisha. Mimi ningemwambia ndugu aje yeye mjini Jumamosi jioni tule pamoja. Gesti uliza vitu viwili kabla ya bei, chumba cha chini kipo, na maji ya moto yapo kwa ajili ya magoti. Uandikiane nao mapema, wiki hizo vyumba vinakwisha.

Kwenye maonesho nendeni Jumamosi mchana mkishapumzika, siyo moja kwa moja kutoka botini. Kama una uhuru wa kuchagua wikiendi, kaa mbali na tarehe 7 Julai yenyewe, ni sikukuu ya taifa na nusu ya Dar inahamia pale. Maonesho huanza mwishoni mwa Juni na kuendelea mpaka karibu katikati ya Julai, kwa hiyo wikiendi zipo mbili tatu. Kwenda mchukue gari mpaka getini, na kurudi msisubiri magharibi, saa 11 kasoro muwe mshatoka, kwa sababu ikifika saa 12 watu wote wanatoka kwa mpigo mmoja, magari ya simu yanapanda bei na mama hana pa kukaa. Watoto waandikieni namba yako ya simu kwenye karatasi mtie mfukoni mwa kila mmoja, na mkubaliane mapema mahali pa kukutana mtu akipotea.

Mizigo ya kurudi nayo iwe na akili. Jumapili asubuhi mna muda mdogo wa Kariakoo, saa mbili tu, mwende na orodha. Chochote cha umeme au kipya kwenye boksi chukua risiti yake na uiweke mkononi, siyo chini ya begi, kwa sababu bandarini unaweza kuulizwa, na bila risiti unabaki unabishana na mtu huku boti inaita. Vitu vizito kama friji usivisafirishe na familia, vipe meli ya mizigo. Kwenye kushuka Malindi hamali wapo, wenye mikokoteni, lipa mmoja, wewe shughulikia mama.

Na treni. Treni ya umeme ilianza Dar mpaka Morogoro mwezi wa sita 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, ilipoanza nauli ya treni ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 Morogoro na 31,000 Dodoma, watoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu. Inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, wataipenda kweli. Lakini wikiendi hii hapana dadaangu. Morogoro kwenda na kurudi, na kuwahi stesheni kwa ukaguzi wa mizigo, inakula siku nzima, na siku nzima unayo moja tu na ni ya Sabasaba. Ukiwapeleka treni hawataona maonesho, ukilazimisha vyote mama ndo atakayelipa kwa magoti yake. Wawekee likizo ya Disemba. Kutoka gati ya boti mpaka stesheni ya SGR, hiyo treni ya umeme, ni mwendo mfupi tu wa gari, mnatoka Unguja na boti ya saa 1 asubuhi, mnapata treni ya mchana, jioni mpo Morogoro mnaangalia milima ya Uluguru, mnalala, kesho yake mnarudi taratibu. Hiyo tiketi ya treni nayo inakatwa kwa kitambulisho na jina, na kwenye likizo inakwisha haraka kuliko boti, kwa hiyo ikifika mwezi wa 11 niandikie nikupangie saa za boti na treni zisigongane, na acheni angalau saa nne baina ya boti kufika na treni kuondoka, maana mwezi wa 12 kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inaanza na boti zinaweza kuchelewa.

Kwa sasa nenda Malindi wiki hii mwanzo mwanzo, muombe wa dirishani aanze kukuangalizia Jumapili ya saa 6 na nusu kwa watu wanne. Akisema imejaa, usikate ya kwenda. Sogeza wikiendi.